Meno Kumi na Saba

9 Machi

Dada,

Mwanangu amepoteza jino tarehe 21 Februari, na mimi nimejua tarehe 8 Machi. Siku kumi na tano. Umeliandika katikati ya bati linalovuja na harusi ya jirani: "Punje naye katoa jino la chini la mbele, hajambo." Kisha ukarudi kwenye bati.

Haya, salamu sasa. Mimi mzima. Karakana nayo nzima, cherehani sita zinafanya kazi na ya saba inasubiri sindano. Nilianza na moja ya kukodi, na ulisema sitamaliza miezi mitatu huku. Leo ni mwaka na miezi miwili. Tunamaliza sare za shule, sketi mia mbili na arobaini, halafu tunaingia mashuka ya hospitali. Mguu wa kulia unavimba jioni, lakini huo ni mguu wangu, nitajua la kuufanya.

Nirudi kwa Punje. Ana miaka mitatu na miezi miwili. Meno yake yote ishirini yalitimia Oktoba, umeniandikia mwenyewe. Jino la utoto la mbele hutoka mtoto akiwa na miaka sita, mitano kama ana haraka. Mitatu hapana.

Kuna kosa langu na nalikubali. Muuguzi aliniambia mapema: mtoto apelekwe kwa daktari wa meno jino la kwanza likitoka, na usipite mwaka mmoja. Mwaka ulipita, nikiwa na cherehani ya watu mbele na mtoto mgongoni. Ndiyo maana nilipokuachia Punje nilikuachia na karatasi ya maagizo manne, na la kwanza lilikuwa hilo. Nina nakala za barua zangu zote. Aprili nilikukumbusha, ukasema bado mdogo. Julai ukasema ana mafua. Novemba daktari hayupo. Januari hukujibu kabisa, ukanielezea kuku.

Kliniki iko mtaa wako huohuo, juu ya duka la viatu. Ngazi kumi na nane. Mpeleke kabla Machi haijaisha. Na uniambie jino lilitokaje. Alianguka? Aligongwa? Na liko wapi?

Mdogo wako

*

24 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Barua imefika inanuka mafuta ya cherehani, nikajua ni wewe kabla sijafungua. Sisi hatujambo. Bati limezibwa. Jirani ameshaolewa, ameshagombana na amesharudiana, yote ndani ya wiki mbili, mtaa mzima tumechoka kwa niaba yao. Chumba cha watoto nimekipaka rangi upya, ya maziwa, kinapendeza. Na huo mguu uukandekande na maji ya moto, usijifanye chuma.

Usiwe mkali hivyo. Unanikumbusha marehemu mama akitafuta funguo.

Punje hakuanguka wala hakugongwa. Asubuhi ile nilienda kumwamsha nikamkuta ameshakaa kitandani, kiganja amekifumba. Nikamwambia, "Lete nione." Akafungua. Jino, safi, limeoshwa. Damu hakuna, hata kwenye mto nilitafuta. Nikamwuliza, "Nani kakutoa jino, mama?" Akasema, "Amelijaribu. Halimtoshi." Kwa sauti ileile unayotumia wewe ukimrudishia mteja nguo! Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Watoto wana mambo.

La pili limetoka jana, la jirani yake, hukohuko chini. Hilo sikulikuta.

Haumwi. Anacheza vizuri, siku hizi hata hanisumbui nicheze naye. Wanajifungia na vitu vyao hadi jua linazama.

Kuhusu ngazi. Unaniandikia ni kumi na nane kana kwamba mimi sizijui. Nitajaribu, mdogo wangu. Usinihesabie.

Dada yako

*

4 Aprili

Dada,

Nimepokea yako tarehe 30 Machi. Wote hapa wazima, mguu nimeukanda, ahsante. Cherehani ya saba imepata sindano.

Ishirini toa mbili ni kumi na nane. Nimekwenda kwa daktari wa meno wa huku, nikakaa foleni na watu wanaoshika mashavu, nikamweleza. Akaniambia jino la mtoto wa miaka mitatu haling'oki lenyewe. Linatoka kwa pigo, au kwa ugonjwa, au kwa mkono wa mtu. Mambo matatu. Nikamwuliza, "La nne hakuna?" Akasema, "La nne silijui mama, labda wewe." Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Sasa naandika jambo ambalo tumelizunguka miaka minne. Mwanao Kengele alikufa Juni, akiwa na miaka sita, kwa gego moja lililooza. Uvimbe ulianza Jumatatu. Ulimpandisha ngazi zile Alhamisi, mimi nikiwa nimemshika miguu, ndiyo maana ninajua idadi yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona daktari wa meno. Yule mzee aliyekuwepo wakati ule alituambia tukimbilie hospitali, na hospitali wakakupigia simu alfajiri, na tangu hapo hutaki simu ndani ya nyumba, ndiyo maana mimi na wewe tunaongea kwa basi la mizigo kama watu wa zamani. Sikuwahi kukulaumu kwa maneno. Nililaumu kwa kunyamaza, na ulisikia.

Naelewa kwa nini huwezi kupanda. Lakini kwa sababu hiyohiyo Punje lazima apande. Muombe muuza viatu akusindikize, yule mpole. Karatasi ya daktari uniletee, yenye muhuri na tarehe.

Mengine mawili. Umeandika "chumba cha watoto". Watoto gani? Na "wanajifungia". Nani na nani?

Mdogo wako

*

26 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Nisamehe kuchelewa. Nilitaka nikuandikie nikiwa na la maana, na leo ninalo. Sisi wazima kabisa. Kuku wawili wamepotea, jirani anaapa hajui, mdomo una mafuta. Muuza viatu anakusalimia, anauliza lini utarudi, nadhani ana lake moyoni, lakini hilo ni lako na yeye.

Tumekwenda! Jumanne tarehe 22. Nilikaa chini pale kwenye viatu karibu saa nzima, nimeshika nguzo. Nikasikia, "Twende mama." Kama mtu mzima. Mkono ukanivuta. Nikapanda, na nakwambia kweli, ngazi sikuzihisi.

Daktari siku hizi ni kijana, mpole, ana saa kubwa mkononi kama ya ukutani. Anauliza, "Haya, leo nani kaja na meno?"

"Mimi."

"Unayo mangapi, mkubwa wangu?"

"Kumi na saba, na moja linakuja."

Daktari akanigeukia, "Umemfundisha?" Nikasema hapana. Akachukua kioo chake kidogo, akahesabu moja moja kwa sauti. Kumi na saba. Na nyuma kabisa akakuta gego la ukubwani linachungulia kwenye ufizi. Akauliza, "Ana miaka mingapi?"

Mdogo wangu, ulimi wangu ulisema sita. Sikupata hata nafasi ya kudanganya. Neno lilitoka, likawa limeshatoka.

Daktari akasema, "Sita? Basi yuko sawasawa kabisa. Meno yanakwenda na wakati wake. Ungeniambia mitatu ndiyo ningeshtuka."

Halafu akagusa gego la chini kulia. Lina tundu. Akasema tumeliwahi, lingekaa mwezi mwingine lingeshuka kwenye taya. Nikalia. Mama mzima nalia mbele ya kijana. Nikamwambia, "Safari hii tumewahi." Akaniuliza, "Safari hii?" Nikasema ndiyo, safari hii. Amelisafisha, ameweka dawa ya muda, turudi Ijumaa tarehe 30 Mei alimalizie kwa sindano ya ganzi.

Kwa hiyo usinitukane tena. Karatasi hii hapa, ina muhuri, mpaka namba ya simu imo.

Punje anakusalimu. Amekuwa mkimya siku hizi, na anataka chakula cha kupondapondwa tu.

Dada yako

*

4 Mei

Dada,

Wazima. Karatasi nimeipata jana, nimeisoma mara nne.

Imeandikwa: umri sita, uzito kilo ishirini, urefu sentimita mia moja na kumi na nne. Umri aliambiwa. Uzito na urefu haambiwi mtu, hupimwa, kwa sababu ya dawa ya ganzi. Mimi ninakata sare za watoto, dada, siku nzima ninashika tepu. Punje nilimwacha ana sentimita themanini na nne. Gauni la Januari nililikata kwa tisini na nne, na ukaniandikia kuwa linamkaa sawa. Hakuna mtoto anayepanda sentimita ishirini toka Januari hadi Aprili. Mia na kumi na nne ni saizi ya darasa la kwanza.

Nani alisimama kwenye mizani? Na kama ana meno kumi na saba, kwa nini hawezi kutafuna?

Mdogo wako

*

12 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mvua imekata, vumbi limeanza.

Wewe na tepu yako. Watoto hukua, hasa wakipata wanachokitaka.

Nina ombi dogo. Nishonee magauni mawili. Moja la vipimo vya Januari, au punguza kidogo kiunoni, amekonda. La pili kifua hamsini na nane, urefu wa gauni sabini, mikono mirefu kwa sababu huwa anasikia baridi sana, mikono yake haipati joto hata nimfunike vipi. Kola usiweke, hapendi kitu kwenye shingo na taya.

Yawahi kabla ya tarehe 30 tafadhali.

Dada yako

*

19 Mei

Dada,

Sikusalimii. Ukisoma utaelewa.

Muhuri wa kliniki una namba ya simu. Jumamosi nimesimamisha cherehani zote saba, nikapiga. Akapokea yule kijana mwenyewe. Nimeandika alichosema wakati anasema, nina kawaida hiyo, kwa hiyo haya ni maneno yake wala sijaongeza.

Nilimwambia mimi ni mama wa yule mtoto wa tarehe 22. Akafurahi. "Wa gego! Mtoto jasiri sana. Mikono tu ndiyo ya baridi, nilimwambia mama yake ampime damu."

Nikamwambia, "Mama yake ni mimi. Huyo ni dada yangu."

"Ahaa. Samahani. Alimwita mama."

Nikamwuliza kama alimpima mwenyewe. Akasema, "Kwa mkono wangu. Kilo ishirini, mia na kumi na nne. Kuna tatizo?"

Nikamwambia mwanangu ana miaka mitatu.

Halafu akasema, "Ooh, wewe unamsemea yule mdogo!"

Nikamwuliza, "Mdogo yupi?"

"Yule aliyekaa benchi. Gauni la njano, miguu haifiki chini. Alitulia muda wote, akawa anatazama mdomo wa mwenzake na kuhesabu kwa vidole. Nilipomaliza na mkubwa nikamwambia, haya, zamu yako. Akafunika mdomo kwa mikono miwili. Nikamwambia dada yako, huyu naye angekuja zamani, mtoto huletwa jino la kwanza likitoka, hasubiri mpaka aumwe. Dada yako akasema, 'Huyo bado mdogo.' Nikamwambia hakuna bado mdogo. Akasema, 'Basi haina haja. Ya huyo yanaisha.' Nilidhani utani, mama. Nikacheka."

Nilimwuliza kama aliyaona meno ya yule mdogo. Akasema hapana, mikono haikutoka mdomoni. Ila wakati wanashuka ngazi mkubwa alipiga chafya, akacheka, kicheko cha juu sana, "kama kengele ya baiskeli", na mdogo naye akacheka. Hapo akaona. Nikamwuliza aliona nini. Akasema, "Sikuhesabu. Ufizi mwingi."

Gauni la njano ndilo la Januari. Nililikata mimi.

Dada, nyumbani kwako nilimwacha mtoto mmoja. Nina kila barua uliyowahi kuniandikia, na katika zote hakuna mgeni, hakuna mtoto wa jirani, hakuna yatima uliyemchukua. Kuna Punje. Kwa hiyo nimejaribu kupiga hesabu kwa njia ya kawaida. Nikasema umeazima mtoto wa mtu ili upate karatasi ya kuninyamazisha. Nimeliwaza hilo siku mbili nzima na ninalitamani liwe kweli. Ungekuwa umenidanganya tu, na udanganyifu ninaujua, nimefanya biashara.

Lakini mtoto wa kuazima hakuiti mama. Haingii kwenye kliniki akiwa na tundu kwenye gego lilelile la Kengele, chini kulia. Na kuna jambo moja ambalo wewe hulijui, kwa sababu siku ile hukuwa mtu wa kuambiwa kitu. Nguo aliyozikwa nayo Kengele niliishona mimi. Nilimpima mwenyewe, juu ya kitanda cha hospitali, kwa tepu hii iliyoko shingoni mwangu. Daftari la vipimo ninalo. Kifua hamsini na nane. Mikono mirefu. Urefu wa mtoto, sentimita mia moja na kumi na nne.

Sijui nimeandika nini hapo juu. Mimi si mtu wa mambo hayo. Najua vipimo, najua kitambaa kikikatwa kumtosha mmoja hakimtoshi mwingine, na kilichotoka upande huu kimepungua upande huu. Meno kumi na saba ya huyo, sijui ametoa wapi. Ya Punje najua yalitoka wapi, yote ila yale ya mwisho uliyoniandikia Oktoba. Moja moja, nikiwa macho naye, nikimpaka asali kwenye ufizi na kumbeba chumba kizima huku na huku.

Uchungu wako naujua. Nilimshika miguu. Kama ungeniambia unamuona, ningekaa kimya nikusikilize, ningekuwa nimekuja hata kwa mguu uliovimba. Ungeniambia anarudi jioni na kukaa kitandani, nisingekubishia. Mwanao ni wako, umlilie unavyotaka, umfungulie mlango unavyotaka. Lakini hujaniomba, dada. Umechukua kinywani mwa mwanangu bila kuniomba, ukaniandikia habari za kuku.

Magauni sishoni.

Hati yangu ya kusafiria iko ofisi ya uhamiaji, nimeambiwa nitaichukua Jumatatu tarehe 26, si siku moja kabla, nimewabembeleza na nimewafokea. Basi la kuja huko linaondoka Jumanne tarehe 27 saa saba mchana, linafika Alhamisi. Nitakuwa ndani yake, jibu lije au lisije. Ile Ijumaa hakuna mtoto atakayekalishwa kwenye kile kiti bila mimi kusimama mlangoni. Daktari nimeshamwambia, na amekubali.

Jibu lako litaamua jambo moja tu: nishuke pale kama mdogo wako, au nishuke na askari.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma, mkalishe Punje mapajani. Huyo mwingine mwambie atoke chumbani, kama anasikia. Mshike kidevu taratibu, usimtishe, mfungulie mdomo karibu na dirisha penye mwanga, uhesabu kwa kidole, juu na chini. Usiniandikie hajambo. Usiniandikie anacheza vizuri. Sitaki sentensi.

Mwanangu amebakiwa na meno mangapi? Andika namba. Mpe karani wa mizigo, iwe mkononi mwangu Jumanne tarehe 27 Mei, kabla ya saa sita mchana.